Mwalimu wa Bosi

"Hakuna mbwa anayenibishia mimi," Okoth alitamba mbele ya timu nzima ya Kabiro, akiipandisha suruali yake ya bugaluu kiunoni. "Nipeni wiki moja tu. Huyo Bosi atanisalimia kwa mkono."

Kepteni Gerishon hakucheka. Uwanja wao ulipakana na boma la Mzee Muigai, mwenye ploti, na kila mpira uliovuka ua wake wa mabati ulirudi matambara. Hata mchungaji aliwaombea akina Muigai akiwa barabarani, kwa sababu ya Bosi. Sasa timu ilibaki na gozi moja, na Jumapili Kibera walikuwa wanakuja.

"Ukimtuliza huyo mnyama, jezi namba kumi na moja ni yako."

Okoth akampa mkono papo hapo. Tangu aanze kuibebea timu maji, hakuna aliyewahi kumtajia jezi.

Jumatatu pikapu ya Mzee Muigai iliondoka kwenda Limuru, familia mbele, mizigo nyuma chini ya turubai. Kabiro nzima ikajua boma limeachiwa Bosi. Okoth akapenya kwenye pengo la mabati, peke yake.

"Na msichungulie! Mbwa akiona walimu wawili masomo yanamchanganya."

Wakasikia: "Kaa!" Mbweko mkali. "Nimesema kaa!" Mbweko mdogo. Kimya. Kisha mpira ukaruka juu ya mabati, mzima kama yai.

Ikawa hivyo kila jioni. Okoth alitoka sauti imemkauka, akigawa mashauri bure. "Amri moja, neno moja. Akitii, msifu papo hapo. Akikosea, usimpigie kelele. Hata mabeki wako, kepteni, wangefundishika hivyo hivyo."

"Kama humpigii kelele," beki Nashon akauliza, "sauti yako imeenda wapi?"

"Ualimu, ndugu yangu. Ualimu si mchezo."

Jumapili Okoth akavaa namba kumi na moja, na teke lake la kwanza likaupeleka mpira moja kwa moja kwa Muigai.

"Kwaheri gozi!" Kibera wakaangua kicheko.

"Tulieni," Gerishon akawaambia, kifua mbele. "Mwalimu mwenyewe anaufuata."

Okoth akapenya. "Kaa!" Mbweko ukapasua hewa. Vijana wa Kibera wakarudi nyuma wakikanyagana, na Gerishon akatabasamu.

Hapo pikapu ikasimama kando ya uwanja. Waruguru, bintiye Mzee Muigai, akashuka, akazunguka nyuma na kuvuta mnyororo uliotokeza chini ya turubai.

"Huyu wiki nzima alikuwa kwa nyanya, anafukuza kuku," akamwambia Gerishon. Kisha akageukia mabati yao. "Haya, na huko kwetu nani anabweka?"

Kwenye ncha ya mnyororo, Bosi akainamisha kichwa upande, akasikiliza.

"Lala!" Okoth aliamuru nyuma ya mabati. Kisha mwalimu akabweka, kidogo tu, kwa utiifu.