Mguu wa Bakuli

Kijana mtaalamu wa makumbusho aliliinua bakuli la kijani kwenye mwanga wa mlango, na nyumba nzima ya Mbithe ikageuka kijani.

Hivyo ndivyo Mbithe alivyoona. Kuta zilikuwa maji, ukungu wa vilima vya Nunguni ulikuwa maji, na yule kuku aliyefungwa mguu kwa ajili ya mgeni alikuwa akielea.

"Hii imetoka China, mama," kijana alisema polepole. "Rangi hii, na hizi nyufa kama utando wa buibui, ni miaka mia sita. Labda zaidi. Lakini ili nihakikishe, lazima nione mguu."

Aliligeuza. Ile pete ya udongo chini, pale ambapo rangi haikufika, ilikuwa imelika upande mmoja, laini kama sabuni iliyotumika.

Kijana alishtuka. "Nani alifanya hivi? Hapa ndipo tunaposoma umri. Wameufuta!"

Mbithe aliweka kidole gumba kwenye lile bonde. Kilitoshea. Bonde liliegemea kushoto: mkono wa nyanyake, mkono wa mamake, mkono wake.

"Na hii imechukua miaka mingapi?" aliuliza.

"Hiyo hatuhesabu, mama. Huo ni uharibifu. Kuanzia leo isiguswe."

Mbithe alilipokea bakuli, akalilaza kifudifudi magotini, akaunyunyizia mguu maji. Kisha akachukua kisu kwa mkono wa kushoto, akaanza kukinoa kwenye lile bonde.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Kuku wako bado hajachinjwa."