Mlango wa Pili wa Fisi

Fisi mroho alitaka nyumba. Kuchakulo, mwenye digrii ya ujenzi na viatu vilivyotoboka kwa kusaka kazi, akamchorea ramani ya milango miwili, na Baraza la Wanyama likaipitisha kwa mhuri.

Ujenzi ulipoanza, Fisi aliuziba mlango wa nyuma apate fremu ya duka, chumba cha kupangisha.

"Bosi, ramani inasema milango miwili!"

"Digrii yako kafungie maandazi. Kazi huna!" Fisi akaitundika ramani sebuleni, iwe pambo.

Siku ya kuhamia, Chatu aliingia kwa mlango wa mbele. Fisi alikimbilia nyuma, akagonga matofali. Madirisha nayo yalikuwa na nondo. Nje alimwona Kuchakulo akipita.

"Ndugu yangu! Mlango wa pili uko wapi?"

"Relax, bosi. Uko sebuleni, kwenye ramani. Tena una mhuri."