Dakika ya Kumkumbuka Mama

Ukumbi wa shule pale Kasulu ulifurika kumpokea Evaline, mwandishi ambaye riwaya zake zimempa tuzo hadi ng'ambo.

Mwalimu mkuu akasoma maisha yake kwenye jalada la kitabu: mzaliwa wa Heru Juu, yatima tangu utotoni.

Evaline mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo. Aliona uyatima utauza vitabu zaidi kuliko mama anayemenya mihogo.

"Tusimame dakika moja, tumkumbuke mama aliyetuzalia huyu," mwalimu mkuu akasema.

Watu wakasimama. Nyuma kabisa mama yake Evaline, aliyekuja bila kualikwa, alibaki ameketi, vumbi jekundu la bodaboda limemganda miguuni. Alimtazama mwanawe, akangoja.

Evaline akainama kurekebisha kipaza sauti.

Mama akaweka chini kikapu cha maharage alichomletea, akasimama, akainamisha kichwa kama wengine.