Kasisi na Shujaa wa Kiapo

Mateka alikuwa amepiga magoti kwenye matope, damu inamtoka ubavuni, na watu wote mezani walikuwa wanamngoja mstaafu aseme neno.

Alikuwa mateka wa maneno tu. Mkutubi ndiye aliyemtunga, kama alivyotunga mfalme, vita na kinu cha unga kilichochomwa moto. Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha maktaba, yeye alisimulia na wengine wakacheza, kila mtu na mhusika wake, dadu zikiamua nani apone na nani aumie. Sheria ya meza ilikuwa moja: majina na vyeo vya nje vinabaki mlangoni. Humu ndani mtu huitwa kwa kazi ya mhusika wake, basi.

Mstaafu alikuwa Kasisi. Jirani yake wa mtaani, pande la mtu lenye kicheko cha kutikisa madirisha, alikuwa Shujaa wa Kiapo. Wa tatu alikuwa mshonaji, mgeni wa siku ile, ambaye alikuwa amepewa upinde na bado hajui aanzie wapi.

"Samahani," mshonaji aliuliza, "hawa wawili wanatofautianaje? Wote wamevaa deraya, wote wanasali."

Mkutubi alimweleza taratibu. Nguvu za Shujaa zinatoka kwenye neno alilolitamka kwa kinywa chake. Akilivunja, anabaki na upanga mtupu. Yeye hutangulia mbele, hupokea mapigo, na anaweza kumponya mmoja tu aliye karibu, kwa kumgusa. Kasisi hana chake. Anaomba, anapewa, anagawa. Akifika daraja la juu kabisa, anaweza hata kumrudisha aliyekufa.

"Na anajificha nyuma yetu akituambia tusikate tamaa," jirani alidakia.

Mshonaji akacheka. Jirani alikuwa amechelewa kidogo siku hiyo, ametoka kuzika, udongo bado kwenye pindo la suruali, lakini maneno hayakumwishia. Alisema wiki nzima anakaa kimya akisikiliza shida za watu, kwa hiyo Jumamosi aachiwe apige mtu. Alikuwa na sauti iliyozoea kuwaambia watu simameni wakasimama, kaeni wakakaa.

"Na wewe, Kasisi?" mshonaji aliuliza. "Upanga hukuutaka?"

Mstaafu akajibu kwa sauti ya chini kwamba ukasisi ndiyo kazi pekee humu inayorudisha watu.

Hakuwa msemaji. Alikuwa na miaka thelathini na moja ya utumishi, katika vituo vitano alikohamishwa bila kuulizwa. Mavazi yake ya kazi yalikuwa yamekunjwa vizuri sandukuni, chini ya kitanda, hayajaguswa tangu siku aliyostaafu. Kiapo alikula akiwa na miaka ishirini, na hakukivunja hata mara moja. Wengi walikuwa wamempigia magoti, wengine wakilia, wengine wakinong'ona vitu ambavyo hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu dada yake aliyeishi naye.

"Mateka anavua viatu," mkutubi aliendelea. "Anavipanga pembeni, kimoja kando ya kingine, kama mtu anayekwenda kulala."

Mstaafu aliinua kichwa. Akamuuliza habari ya viatu ameipata wapi. Mkutubi alishangaa, akasema imemjia tu.

Ikawa zamu ya Shujaa. Jirani akakumbusha kwamba aliapa mbele ya mfalme: aliyechoma kinu hataachwa hai.

"Mfalme yuko hapa?" mstaafu aliuliza.

"Hayupo. Ila kiapo kipo."

"Unaweza kukataa."

"Nikikataa nabaki si kitu." Jirani alisema hivyo akitabasamu, dadu zinalia kiganjani. "Nampiga."

Dadu ya pande ishirini ikaangukia ishirini, namba kubwa kuliko zote. Mshonaji alipiga kofi moja, la pili akaliacha hewani alipouona uso wa mstaafu.

Mstaafu alisema anamrudisha. Mkutubi akamweleza kwa upole kwamba bado yuko daraja la nne, sala hiyo hana. Alisema anajua, ila wamwache arushe. Akarusha. Akarusha tena. Mara ya tatu dadu ilimponyoka, ikabingirika chini ya rafu, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Mkutubi alifunga daftari kabla ya saa. Akamchukua mshonaji wakarudishe viti ukumbini, na chumbani wakabaki wanaume wawili.

"Mzee mwenzangu, nisamehe," jirani alisema. Kicheko kilikuwa kimemkauka. "Nilijisahau. Lakini ni mchezo. Yule mtu hakuwepo."

"Alikuwepo. Walikuwa kumi na mmoja, wote wamevipanga viatu pembeni."

Jirani aliinuka. Aliusukuma mlango ukajifunga, akaja kukaa, si ng'ambo ya meza kama kawaida yake, bali kando, bega kwa bega, macho ameyaelekeza ukutani. Alitulia kwa namna ambayo mshonaji, kama angekuwepo, asingemtambua.

Mstaafu alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Padri," alisema, "sijaungama tangu nivue magwanda ya jeshi."