Jiko la Juu si la Kupikia

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa bado ndani ya oveni, kwenye mfuko wake wa plastiki. Bwana Medeiros, afisa wa kodi, alikitoa, akakigeuza huku na huku, kisha akakirudisha palepale.

"Jiko la gesi la plate sita," alisema. "Halijawahi kuwashwa."

"Tunalitunza," akajibu Nunzio Scarfone.

"Naona. Hata kibandiko cha bei mnakitunza."

Nunzio alicheka. Alicheka peke yake.

Nyumba ilikuwa mpya, pale Vaughan, nje kidogo ya Toronto, kwenye mtaa wa nyumba mpya zilizofanana kama mayai. Alipoinunua aliongezea marumaru jikoni, mbao za mwaloni sakafuni, na jiko hilo. Kila nyongeza ilitozwa kodi ya mauzo, na sasa alikuwa ameomba arudishiwe. Sheria ilikuwa nyepesi: unarudishiwa kama wewe mwenyewe, au ndugu yako wa karibu, ndiye anayeishi humo. Nunzio aliishi kwingine na mkewe. Basi aliandika kwamba anayeishi humo ni mama yake, akatia saini. Nyumba yenyewe alikuwa ameshawaahidi wapangaji.

Mama yake, Immacolata, alikuwa amepanga chumba mjini, juu ya duka la mikate, hatua chache kutoka kanisani kwake. Habari kwamba amehama aliipata Jumapili, walipokuwa wakitoka misani.

"Kumbe naishi Vaughan," alisema. "Hongera yangu."

"Mama, afisa anakuja kukagua. Sema neno moja tu, kwamba unakaa pale."

"Sijawahi kusema uongo hata kuhusu umri wangu. Leo nianze kwa ajili ya marumaru?"

"Si marumaru tu. Nimetia saini, Mama. Wakigundua, ni kesi. Naweza kufungwa."

Mama alimtazama mwanawe. Mungu hakumpa mtoto mwingine.

"Acha nisali," alisema.

Alisali siku kadhaa. Halafu akapiga simu. "Niletee funguo za hiyo nyumba. Na usiniulize kitu."

Nunzio alipeleka funguo, na hakuuliza kitu.

Sasa Bwana Medeiros alikuwa amefungua bomba la sinki. Lilikohoa hewa kwanza, ndipo likatoa maji. Alikwenda sebuleni akabonyeza kochi, na plastiki iliyolifunika ikalia. Aliandika jambo, akalipigia mstari.

"Bwana Scarfone, tuongee kiume. Kuna mtu anayelala humu?"

Nunzio alifungua mdomo. Jibu lilitoka chini ya ngazi.

"Mnanong'onezana nini huko juu? Shukeni, chakula kinapoa!"

Walishuka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Mara ya mwisho Nunzio alipokiona, kilikuwa kitupu. Sasa chupa za nyanya zilijaa rafuni mpaka darini. Mrehani ulikuwa umepandwa kwenye kopo, chini ya kidirisha. Msalaba wa marehemu baba yake ulikuwa umepigiliwa ukutani, juu ya kitanda kilichotandikwa. Mbele ya jiko dogo kuukuu alisimama mama yake, aproni kiunoni, ndara miguuni, akikoroga mchuzi wa nyanya na soseji.

Nunzio alikuwa ameomba neno moja tu, na mama alikuwa ameandaa mchezo mzima.

"Na jiko la juu, Mama?" afisa aliuliza.

"Lile ni la wageni kuangalia. Nani anakaanga samaki kwenye marumaru?"

Kwa mara ya kwanza Bwana Medeiros alitabasamu.

"Mama yangu, mtu wa visiwa vya Azores kule Ureno, ni hivyohivyo. Jiko la juu tuliliwasha siku tuliyomzika baba. Alitugombeza mbele ya padre."

"Alifanya vizuri. Kaa ule."

"Nikiwa kazini siruhusiwi kula."

"Na kuonja?"

Afisa alionja sahani mbili. Kisha alijifuta mdomo, akachukua kalamu, na uso wake ukarudi kuwa wa serikali.

"Mama, lazima niulize, na lazima unijibu kweli. Unaishi hapa?"

Nunzio aliangalia sakafu. Mama aliweka mwiko chini. Mkono wake uliingia mfukoni mwa aproni, ilimokaa rozari.

"Naishi hapa," alisema.

"Na huna mpango wa kuhama?"

"Mpaka Mungu aniite."

Bwana Medeiros alitia saini, akashukuru kwa mchuzi, akapanda ngazi akaenda zake.

Gari lake lilipokwisha kuondoka, Nunzio alikaa kwenye ukingo wa kitanda, macho yamelowa.

"Nisamehe, Mama. Umesema uongo umeshika rozari, na dhambi ni yangu. Jumamosi twende tukaungame, mimi na wewe."

"Nenda wewe. Unayo mengi."

"Na wewe?"

"Mimi nikaungame nini?"

Nunzio hakutaka kubishana naye siku kama hiyo. Alilichukua koti la mama yake msumarini, akalishika wazi ili alivae.

"Basi twende nikurudishe nyumbani, kabla barabara hazijajaa."

Mama Immacolata alipunguza moto, akafunika sufuria.

"Nyumbani wapi? Chumba cha mjini nimeshamrudishia mwenyewe. Wapigie simu hao wapangaji wako, uwape pole."