Wingu Usoni mwa Mihambo

Haya alinisimulia Nyamizi wa Ipuli mwenyewe, masika yaliyopita, tukibangua karanga.

Mkoani kwetu sote tunaonea macho ya kupandikizwa. Kampuni mbili za televisheni zikishtakiana haki ya kuonyesha timu ya mkoa, macho hayo huziba nyuso za wachezaji mpaka hukumu itoke. Mihambo, mwana wa Nyamizi, ni golikipa wa timu hiyo. Mwaka mzima wa kesi mama aliona jezi, mikono na viatu. Usoni, wingu la kijivu.

Siku moja Mihambo alipigwa teke la kichwa uwanjani. Muuguzi wa hospitali, mwenye kibali cha kuona nyuso hizo akiwa zamu, alimruhusu arudi nyumbani.

"Umwangalie mdomo, mama. Ukipinda, mrudishe upesi."

"Nitauonaje, mwanangu?"

Muuguzi akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani, Nyamizi akaketi kitandani. "Mihambo, hebu cheka nione."

"Utaona nini, mama? Meno yangu yako mahakamani."

Akamwekea vidole midomoni.

"Unanitekenya."

"Vumilia. Kesi imeahirishwa tena."

Jua lilipozama Mihambo akasinzia. Chini ya vidole, pembe moja ya mdomo ikalegea. Ni usingizi, au ndiko kupinda? Nyamizi akamwita jirani, Mama Kasanda, akaja na taa.

"Hata mimi naona wingu tu, shoga yangu."

"Mihambo, mwanangu, niitikie."

"Mmm," akaitikia, kwa mbali.

Mama Kasanda akakimbia kutafuta gari. Nyamizi akabaki na vidole vyake palepale, akisikiliza pumzi, mpaka uchovu ukamzidi, mkono ukateleza hadi kwenye mto wa kulalia, naye akalala kabla gari halijafika, mdomo ukabaki bila wa kuupapasa.