Vali ya Mzee Kombo

Enzi hizo vali za moyo zilitengenezwa zilie kwa sauti, nyumba nzima isikie mgonjwa anavyopona. Bi Mwanahawa alionywa hospitali: mumewe aliyewekewa vali asinyanyue ndoo, na mshono utamwasha. Habari za jirani hawakumwambia.

Kila Saumu, yule jirani, alipoleta uji, vali ya Mzee Kombo ilikwenda mbio kama cherehani. Akiingia Mwanahawa, hata ajifukize udi, ilirudi kudonadona polepole.

“Ni uji tu, mke wangu.”

“Uji hata mimi napika.”

Akamfungia Saumu mlango. Vali ikaanza kufifia. Daktari akaisikiliza kwa simu: “Moyo umelegea. Kilichokuwa kikiuchangamsha, kirudisheni.”

Mwanahawa akajitanda kanga, akaenda kubisha hodi kwa Saumu.

“Shoga,” akasema bila kumtazama, “mzee anaulizia uji.”

Saumu hajajibu, nyumbani kule vali ikaanza kukimbia.